Baridi ya Kiti cha Nyuma

Jumatano, 7 Januari

Joto la mwaka huu halina adabu. Linaingia bila hodi, linachagua kiti kabla ya mwenye nyumba, na jioni ukilitazama kwa macho ya kuliaga linajifanya halikuelewi. Leo nimempeleka mama kliniki ya moyo. Daktari, kijana mwenye sauti ya mtu aliyekosa usingizi, hakulalamika kuhusu chumvi wala vidonge. Alilalamika kuhusu gari.

"Dawa nitaongeza," akaniambia, "lakini dawa haitaliweza hilo gari lenu. Mgonjwa wangu ananifikia akiwa ameshapikwa."

Mama akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu gari hilo ni la marehemu baba na dereva wake ni mimi.

Ni gari la kizamani hasa, la chuma ambacho ukikigonga kinakujibu. Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu kama benchi. Gia iko kwenye usukani. Dashibodi ni bati zito lililopakwa rangi ya maziwa, na baba alikuwa akiipangusa kwa kitambaa ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Mama amekaa mbele, pembeni ya dereva, tangu alipoolewa. Baba alipofariki mimi nikashika usukani, na yeye hakuhama. Teksi hazitaki. Anasema teksi ni za watu wasio na kwao.

Niseme na jingine, maana hapa hakuna mhariri wa kunikata. Nyumbani mimi na mama hatuzungumzi, tunapeana amri. Kunywa dawa. Funga dirisha. Punguza sauti ya simu. Ndani ya gari ndiyo tunakuwa watu wawili wanaotazama njia moja, na kwa kuwa hatutazamani usoni, anasema. Kwenye kiti kile ameniambia mambo ambayo hajawahi kuyasema mezani: jinsi alivyomwogopa baba mwaka wa kwanza wa ndoa, jinsi alivyotaka kuwa mwanasheria. Jumatano ndiyo siku yangu ya kumsikia mama yangu. Tukinyang'anywa gari hili na joto, sijui nitamsikilizia wapi.

Alhamisi, 8 Januari

Mhariri amepiga simu. Safu yangu gazetini "itapumzika" mpaka mambo yatulie. Nimemuuliza mambo gani. Amesema, "Wewe."

Jumamosi, 10 Januari

Mdogo wangu amekuja. Huyu ni kitindamimba wetu, mwenye biashara ya kukodisha mahema, viti na vipaza sauti kwa sherehe za watu, na kwa sababu hiyo huzungumza kila wakati kama mtu anayejaribu maiki.

"Dada, tuweke AC."

"Wapi?"

"Kwenye gari la mzee."

"Na marehemu babu tumvalishe kaptula?"

"Sikiliza kwanza. Siku hizi kuna seti za kufungia magari ya zamani. Kompresa, mabomba, feni, kila kitu. Fundi ninamjua. Shughuli yote niachie mimi."

Nilikuwa nimeshakunja mikono ya blauzi. Kwangu kiyoyozi kwenye gari kama lile ni matusi: umri wa kitu ni sehemu ya kitu, na anayetaka starehe ya leo ndani ya chuma cha jana hataki gari, anataka picha ya gari. Nilikuwa na hoja ya kwanza mdomoni na ya pili nyuma yake. Ndipo akashusha sauti, jambo ambalo halifanyi kamwe.

"Nataka mama apumue, dada. Ni hilo tu."

Nimeandika miaka mingi dhidi ya watu wanaomaliza sentensi zao kwa "ni hilo tu". Leo maneno hayo yametoka kwa mdogo wangu na macho yamenilowa. Nimekubali, kwa sharti moja: hakuna kutoboa wala kukata kitu ambacho baba aliwahi kukipangusa.

Jumatatu, 12 Januari

Gereji. Fundi anaitwa Barafu na hana jina jingine hata kwenye kibao cha mlangoni. Ni mtu mrefu, mwenye ucheshi wa daktari wa meno: anakuchekesha huku ameshika kitu chenye ncha.

Ameinua boneti na kunieleza vizuri, nakiri. Kompresa itaning'inizwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda. Mbele ya rejeta itasimama nyingine kama hiyo, ya kupoza gesi. Dainamo ya zamani itolewe iwekwe altaneta, kwa sababu umeme wa gari hili unatosha taa na honi, hautoshi feni. Kisha kuna sanduku la baridi lenyewe, ambalo lazima likae ndani walipo watu.

"Na hili," akasema huku akichora dashibodi kwa kidole, "tunalipachika hapa. Tunakata hapa, tunakata na hapa, tunaweka matundu manne. Linatoka kama la kiwandani."

"Ukikata hapo," nikamwambia, "na mimi nitakukata."

"Mama, ni bati."

"Na wewe ni nyama."

Akacheka. Mdogo wangu akajishika kichwa. Nikawapa hotuba. Niliwaeleza kwamba mji wowote unabomolewa hivihivi, kwa watu wa heri wenye drili, tundu moja baada ya jingine, kila tundu lina sababu nzuri, na mwisho wake wajukuu wanaoneshwa kibao kinachosema hapa palikuwa na kitu. Mafundi wa jirani walisogea kusikiliza. Mmoja alipiga makofi.

"Huyu ndiye Mama Makala wa gazetini?" Barafu akamuuliza mdogo wangu.

"Ndiye."

"Haya. Nipeni siku chache nifikirie."

Jumanne, 13 Januari

Joto. Nimesoma historia ya kuzingirwa kwa miji mitatu tofauti. Yote iliangushwa na mtu wa ndani aliyefungua lango.

Jumatano, 14 Januari

Kliniki. Mama alifunga kitambaa kibichi shingoni na kukaa mlangoni ili upepo umpige. Tulipofika kwenye ile barabara yenye miti akaanza mwenyewe.

"Baba yako siku moja alinishusha hapa."

"Alikushusha? Kwenye gari?"

"Tulibishana. Akasimama, akasema shuka. Nikashuka. Nikatembea, naye akawa ananifuata polepole, kioo kiko wazi, bado anabishana. Watu wanatuangalia."

"Nani alishinda?"

"Nilipanda kwa sababu viatu vilinibana." Akatazama nje. "Mmefikia wapi na fundi?"

"Anataka kukata dashibodi."

"Usimsumbue sana mdogo wako."

"Ninalinda gari, mama."

"Najua unachofanya," akasema, na akanishika goti. Hajanishika goti tangu nikiwa shule.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeshinda! Nayaandika haya huku nimesimama.

Barafu alikuja na pendekezo la pili: sanduku la plastiki jeusi, kubwa kama redio ya kwanza ya baba, lining'inizwe chini ya dashibodi katikati. Nikapiga magoti pale gerejini, nikakaa anapokaa mama, nikawaonesha magoti yake yatakapogonga. "Mnataka kumpoza au kumvunja?" Mdogo wangu akatetea plastiki, akasema ndivyo watu wote wanavyofanya. Nikamwambia "watu wote" ni jina la mtu mmoja mvivu. Tulipigana mpaka mashati yakalowa. Barafu alikuna kichwa, akazunguka gari, akafungua buti, akasimama kama aliyeona kitu kwa mara ya kwanza.

"Labda," akasema, "sanduku likae huku nyuma. Ndani ya buti. Tunatoa matundu mawili juu ya kiti cha nyuma. Dashibodi haiguswi hata na kitambaa."

Nikamuuliza baridi itafikaje mbele.

"Baridi haina kiti, mama. Inajaa gari zima."

Mdogo wangu akanung'unika kwamba kazi itakuwa kubwa zaidi, mabomba yatapita chini ya gari lote. Nikamtazama. Akainua mikono.

"Haya, dada. Umeshinda. Wewe hushindwi."

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mwezi huu nimenyang'anywa safu lakini si ulimi. Kumbe mtu bado anaweza kusimama mbele ya drili na drili ikarudi nyuma.

Jumatano, 21 Januari

Gari liko gerejini, tumekwenda kwa teksi. Dereva alikuwa na redio. Mama hakusema neno kwenda wala kurudi. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

Ijumaa, 23 Januari

Puli ya kompresa haikai mstari mmoja na ya injini. Mkanda unapiga kelele kama mbuzi. Barafu anachonga kishikizo kipya. Wiki moja zaidi.

Jumatano, 28 Januari

Teksi tena. Redio nyingine. Mama amelala siku nzima.

Jumatatu, 2 Februari

Nimekwenda kulitazama. Lazima niwe mkweli: limependeza kuliko nilivyotaka lipendeze. Vyuma vimesuguliwa mpaka unajiona. Chini ya boneti kompresa inang'aa kando ya injini ya baba kama kijana aliyevaa suti kwenye kikao cha wazee. Dashibodi haikuguswa. Swichi ya kuwasha na kuongeza feni ameificha chini ya usukani, upande wangu, ambapo jicho halifiki.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kiti cha nyuma kimevalishwa upya, ngozi nyeupe, na mishono yake imenyooka. Cha mbele ni kilekile, na pale anapokaa mama pamechanika.

"Mbona mmeanzia nyuma?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nyuma kulikuwa kubaya zaidi, dada."

Hakukuwa. Nyuma hajakaa mtu tangu tulipoacha kugombana humo tukiwa watoto. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi swali la pili. Hili ningelimfundisha mwandishi yeyote anayeanza.

Jumatano, 4 Februari

Tumetoka na gari. Nimewasha swichi, feni ikanguruma, mkanda ukalia kidogo halafu ukanyamaza. Nikasubiri.

Nyuma kukawa friji. Nimeegesha njiani na kupeleka mkono: barafu tupu, kwa ajili ya kiti kitupu. Mbele, ukigeuza shingo, unapata pumzi ya hapa na pale, kama mtu anayekupepea huku anafikiria mambo yake. Mama alikuwa anatiririka.

"Unaisikia baridi?"

"Naisikia."

"Mama, unatoka jasho."

"Naisikia, nimekwambia." Halafu, akitazama nje: "Labda siku nyingine nikae nyuma."

"Huwezi kukaa nyuma. Wewe si mzigo."

Kesho nitamrudishia Barafu gari na maneno yake.

Alhamisi, 5 Februari

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Nilifika gerejini Barafu akiwa chini ya gari la mtu. Nikaisemesha miguu yake. Nikaiambia kwamba alinidanganya, baridi ina kiti, na kiti chake ni cha nyuma. Nataka bomba moja lipite chini ya sakafu limwage mbele, kwa mgonjwa.

Akatoka, akajifuta mikono, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Si mshangao wa mwizi. Ni wa mtu anayedhani mwenzake ameshaambiwa.

"Mbele kwa dereva?"

"Kwa mama yangu."

"Lakini si bibi harusi ndiye anakaa nyuma?"

"Bibi harusi gani?"

Hapo akaelewa. Niliona uso wake ukirudi nyuma. Akanivutia kiti. Nikakataa kiti.

"Mama Makala, mimi ni fundi tu."

"Nimekuuliza bibi harusi gani."

"Wa kukodi. Gari la maharusi. Mdogo wako alipokuja mara ya kwanza, kabla hujaja wewe, alisema anataka baridi nyuma, bibi harusi asiharibikiwe na poda. Na buti ndiyo mahali pake, mbele pasionekane kitu cha kisasa, picha zitoke safi. Buti ndiyo ilikuwa oda toka siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulisema utakata dashibodi."

Akakuna kichwa, kulekule alikokuna siku ile. Mkuno uleule! Nikajua kwamba hata ule ulikuwa mchezo.

"Aliniambia nianzie huko. Alisema: dada yangu ukimwambia kitu, atakataa. Kwa hiyo mwambie jambo usilotaka. Atapigana. Halafu la pili usilotaka. Atapigana tena. Ukimpa la tatu, atakushukuru."

"Nikakushukuru."

"Ulinishika mkono kwa mikono miwili," akasema, kwa huruma. Ningependelea anitukane.

Nimesoma habari za majemadari wanaorudi nyuma makusudi, wanaacha mahema na vyungu vikiwa vya moto, ili adui aingie bondeni akishangilia. Nimeandika kuhusu mbinu hiyo, nimewaonya wasomaji. Na mimi mwenyewe nimeingia bondeni nikipiga mluzi. Hakuna aliyenishinda. Wangenishinda ningevumilia, nimeshindwa mara nyingi na watu wakubwa kuliko Barafu. Hawa waliniachia nishinde. Walichukua kitu nilichojengea maisha yangu yote, kwamba nasimama na kubisha, wakakifanya mpini. Wameushika, wakanigeuza walikotaka.

Ijumaa, 6 Februari

Mdogo wangu nilimkuta stoo kwake, katikati ya viti vilivyopandana mpaka dari. Hakukana. Hilo ndilo lililonikera zaidi, nilikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekana.

"Ningekwambia, dada, nataka gari la maharusi, ungesema nini?"

"Ningekataa."

"Na mama angeendelea kupikwa mpaka lini? Mpaka umalize hotuba? Sasa gari lina AC. Siku za harusi linafanya kazi, Jumatano ni la kliniki. Niambie nani ameumia."

"Mbele hakuna baridi!"

"Basi akae nyuma."

"Mama hakai nyuma. Hajakaa nyuma maisha yake yote, na wewe unajua."

"Amekubali."



"Amekubali lini?"

Akaokota kitambaa, akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Muulize mwenyewe. Mimi na wewe tukianza hatumalizi."

Jumamosi, 7 Februari

Sikumuuliza. Nilimpa dawa. Akasema chai haina sukari. Nikaweka sukari.

Jumapili, 8 Februari

Mama alikuwa kitandani kwake anakunja nguo, dirisha wazi, joto limeshaingia na kukaa. Nikasimama mlangoni.

"Ulijua?"

Hakuuliza nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla wewe hujajua kwamba unataka AC." Akalinganisha mikono ya shati. "Ingia ukae. Umesimama kama polisi."

Sikukaa. "Siku ile njiani, unanisimulia habari za baba, umenishika goti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu wewe ukiambiwa kitu unajibu." Alisema bila ukali, kama anayenitajia rangi ya shati. "Mwanangu, nimeolewa na mtu wa kujibu, nikazaa mtu wa kujibu. Nimesikiliza majibu toka nikiwa msichana. Daktari amenikataza chumvi. Kubishana amesahau tu kunikataza."

"Lile ni gari la baba, na nyie mnalifunga maua kwa ajili ya watu wasiowajua."

"Ni gari langu." Akaacha kukunja. "Baba yenu aliniachia mimi. Wewe ulichukua ufunguo siku ya tatu baada ya mazishi, na sikusema kitu, kwa sababu ulikuwa unalia. Lakini hukuniuliza. Mpaka leo hujaniuliza. Mdogo wako aliniuliza."

Nilifungua mdomo.

"Wewe ulichukua vitabu vyake na ulimi wake. Huyu hakuchukua kitu. Nikasema, haya, na yeye apate kitu cha baba yake. Na nikifa liendelee kutembea. Wewe ungelifunika shuka."

"Ungeniambia hivyohivyo, kama unavyosema sasa."

"Ungeandika makala."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na matatu, yamepangana, la tatu zuri kuliko yote. Nikaanza la kwanza, na mama akaweka kiganja kifuani, chini ya titi la kushoto, akafumba macho. Nikanyamaza. Sikujua kama ni moyo au ni mbinu. Nimekaa na swali hilo mchana kutwa, na linaniuma kuliko gari, kuliko Barafu, kuliko yule wa mahema: kwamba kuanzia leo ninampima mama yangu kama ninavyompima waziri.

Jumatano zote tulizopanda gari lile nilidhani niko kwenye kiti ambacho mama anasema yote. Kumbe hata pale alikuwa anachagua.

Jumatatu, 9 Februari

Mhariri ameuliza kama nina makala yoyote nyepesi, ya familia. Nimekata simu.

Jumatano, 11 Februari

Mdogo wangu amempeleka mama kliniki. Niliwatazama dirishani. Alimfungulia mlango wa nyuma, mama akaingia, akapotea ndani ya weupe ule. Gia zilikwaruza mpaka kwenye kona.

Amerudi mkavu. Uso umetulia. Daktari kapima shinikizo la damu mara mbili kwa sababu hakuamini, kisha akasema endeleeni hivyohivyo. Amepanda ngazi bila kupumzika katikati. Nimeona kwa macho yangu.

Nayaandika haya kwa sababu mtu anayeficha ushahidi wa upande wa pili ni mhuni, hata kama upande wa pili ni wahuni.

Jumamosi, 14 Februari

Harusi ya kwanza. Limepita barabara ya kwetu na utepe mwekundu kwenye boneti. Vioo vimefungwa. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, amenitumia picha: bibi harusi amekaa nyuma, poda haijatoka hata chembe. Chini ameandika, "Wifi, si limependeza?"

Limependeza.

Jumanne, 17 Februari

Joto halijapungua. Mdogo wangu amepiga simu, kesho ana mahema ya kusimika nje ya mji. Aliyakoroga maneno, akayameza, akayatoa tena: hakuna mwingine anayeiweza gia ile, je, ningempeleka mama?

"Kama dereva?" nikamuuliza.

"Kama mtoto wake, dada. Jamani."

Nimesema nitakwenda.

Jumatano, 18 Februari

Mama alinikuta nimeshawasha. Alisimama katikati ya milango miwili, wa mbele na wa nyuma, mkoba kifuani. Ningesema "njoo mbele" angekuja, nina hakika, angekuja na jasho lake. Sikusema. Akafungua wa nyuma mwenyewe.

Nikabonyeza swichi chini ya usukani. Baridi ikamwagika kule nyuma, na sanduku likaanza kunguruma ndani ya buti, nyuma kabisa ya kichwa chake. Pembeni yangu kile kiti kirefu kilikuwa kitupu mpaka mlangoni. Sikujua nifanye nini na mkono wa upande huo.

Tulipita hivyo maduka, soko, kituo cha mafuta. Kwenye kioo cha juu nilimwona ameketi wima katikati ya ngozi nyeupe, mkavu, msafi, mdogo. Anapumua vizuri. Yote waliyoniahidi ameyapata.

Tulipoingia kwenye barabara yenye miti akaanza kusema. Niliona midomo. Alikuwa hanitazami, anatazama nje, kama anavyofanya akisema jambo la kweli. Aliongea kwa muda. Mara moja akatikisa kichwa, mara moja akajifuta jicho kwa kona ya kitambaa, au labda ni ubaridi ule ulimpiga. Kutoka kule nyuma, juu ya ule mngurumo, hakikunifikia hata kipande. Nadhani nilisikia "mwanangu". Sina ushahidi.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Kuizima ni kitendo cha mara moja, na gari lingenyamaza, na joto lisingewahi kumdhuru kabla hajamaliza. Akageuka, macho yake yakanikuta kwenye kioo, yakangoja nijibu.

Nikaongeza feni.